Moto Aliousalimia Kogo

Majivu yenye uhai yakimwagiwa maji hutoa harufu isiyofanana na nyingine yoyote. Iko mahali fulani kati ya chuma na maziwa yaliyoungua, nayo hupanda ghafla, pamoja na sauti kama ya mtu aliyeshtuka akavuta pumzi. Mwezi uliopita harufu hiyo ilinikuta jikoni kwa mama mmoja mzee, ng'ambo ya Sigor. Nilikuwa nimesimama mbele ya akina mama kumi na wawili, karatasi yangu kubwa ya manila ikiwa ukutani, nikiwafundisha jinsi ya kupunguza taka na kuokoa kuni nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza. Tone la kwanza likapenya kwenye bati lililotoboka, likaangukia mafigani. Nilikuwa katikati ya sentensi, na sikuimaliza.

"Mwalimu amesahau," mama mmoja akasema kutoka nyuma, na wenzake wakacheka.

Laiti ningekuwa nimesahau.

Nililelewa na Kogo, yaani nyanya kwa Kipsigis, mama yake baba yangu, juu ya kilima upande wa Sosiot. Wazazi wangu walifanya kazi mbali na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo tulibaki wawili: yeye, mimi, ng'ombe wawili, na mistari ya chai iliyoteremka kutoka mlangoni hadi kijitoni. Babu nilimjua kwa picha tu. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti la mvua, aliyetazama pembeni kana kwamba mpiga picha alikuwa akimchelewesha. Alifariki kabla sijazaliwa. Katika picha ile mkono wake mmoja umeshika nguzo ya jiko letu, jiko likiwa bado jipya na udongo wa kuta haujakauka vizuri.

Humo jikoni ndimo tulimolala, mimi na Kogo, nyuma ya ukuta mfupi wa udongo uliotutenga na mafiga. Nyumba ya mabati iliyokuwa mbele ilikuwa ya wageni na ya viti vyenye vitambaa.

Kwa Kogo hapakuwa na kitu kilichotupwa. Maganda ya viazi yalikwenda kwa ng'ombe, maji ya kuoshea vyombo kwenye sukuma wiki, na majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa kwenye mashina ya migomba. Pakiti za maziwa ya dukani, ambazo wageni walituletea kwa fahari ingawa tulikuwa na ng'ombe wetu, zilioshwa, zikatobolewa chini, zikapandwa miche. Chai ilipopogolewa tulikusanya vijiti vyake, vyembamba na vigumu kama mifupa ya kuku, tukavifunga mafungu ya kuni. Maharagwe yalichemshwa kidogo tu, kisha sufuria ikateremshwa, ikaviringishwa katika blanketi kuukuu, ikafungiwa ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba. Humo yaliendelea kuiva yenyewe huku sisi tukichuma chai. Nilipopita nilikuwa naweka kiganja juu ya kikapu kile, nikihisi joto lake, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kilikuwa na homa.

Na moto wenyewe haukuzimwa. Baada ya kila mlo Kogo alisogeza pamoja makaa na mwisho wa kigogo, akavifunika kwa majivu taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka bila kutaka kumwamsha. Uliobaki ulikuwa uzi mmoja wa moshi. Kigogo kimoja kigumu kililiwa hivyo, polepole, siku nzima na usiku wake. Asubuhi, kukiwa bado kuna ukungu nje, nilimsikia kutoka kitandani akiyafunua majivu kwa kijiti, akipuliza mara mbili. Jicho jekundu lilipofumbuka, alisema:

"Chamgei."

Ndiyo salamu yetu ya kila siku, ya mtu kumwambia mtu. Kisha alinyamaza na kusubiri. Ndimi za kwanza za moto zilipoinuka alijijibu, kwa sauti ya chini zaidi: "Chamgei mising."

Niliamua kwamba wazee wakikosa wa kuwajibu hujijibu wenyewe. Nikaona pia kwamba huo ulikuwa uangalifu mwingine wa Kogo: hata salamu hakuacha ipotee bure.

Muda si muda alifika Mama Akinyi. Alikuwa jirani yetu wa chini, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha chai, na binti yake Akinyi alikuwa darasa moja nami. Mkononi alishika kifuniko cha sufuria kilichopinda.

"Umekuja kuniibia moto tena?" Kogo alimuuliza kila siku, kwa Kiswahili chake kizito.

"Mwizi gani anabisha hodi, Kogo?"

"Wewe. Kiberiti ya duka imefanya nini?"

"Iko, lakini hiyo moto ya kiberiti haina adabu. Inaunguza uji ya mzee, halafu mzee anauliza kama nimefika huku kupika ama kumuua. Hii yako imezoea watu."

"Haya, chukua. Na usipitie kwa watu kupiga domo, itazima."

"Mimi napiga domo? Uliza huyu Chela kama napiga domo."

Kogo alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, huku akimwekea makaa mawili juu ya kifuniko na kuyanyunyizia majivu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mwanamke mwenye kiberiti apande kilima kila asubuhi, mvua au jua, kwa ajili ya makaa mawili. Mtoto huona mambo ya kila siku kama anavyoona mawe: yapo.

Nilikuwa darasa la nne shuleni kwetu kilipoanzishwa kikundi cha mazingira. Wenzangu wa rika langu watakikumbuka kikundi cha aina hiyo. Karibu kila shule ilikuwa nacho, pamoja na mawe yaliyopakwa chokaa na kibao kilichotuamuru tutunze miti. Sisi tuliitwa Askari wa Nishati. Mwalimu wetu wa sayansi, kijana mwenye moyo safi aliyetembea haraka kama mimi ninavyotembea leo, alituandikia ubaoni: Taa isiyommulikia mtu, zima. Mfereji unaotiririka, funga. Moto usiopika ni mwizi ndani ya nyumba. Tuliyaimba maneno hayo hadi tukayaota. Mimi nilichaguliwa kiongozi wa kikundi, na Akinyi akawa msaidizi wangu, kwa sababu alinifuata popote nilipokwenda.

Ijumaa moja tulipewa karatasi ya ukaguzi twende nayo nyumbani. Kulikuwa na safu nane na nafasi ya kutia alama ya vyema, na chini kabisa mahali pa mzazi au mlezi kuthibitisha. Atakayepata alama nyingi angevishwa beji ya kitambaa cha kijani mbele ya shule nzima. Jioni hiyo nilikaa mlangoni na kalamu. Friji imefungwa vizuri? Hatuna. Pasi haiachwi kwenye umeme? Hatuna. Televisheni huzimwa isipotazamwa? Hatuna. Niliandika neno hilo mara saba, na kila mara lilizidi kuwa kubwa machoni pangu. Hapakuwa na safu ya kikapu chenye homa. Hapakuwa na safu ya pakiti zenye miche, wala ya vijiti vya chai, wala ya maji yanayotumika mara mbili. Nyumba isiyopoteza chochote ilikuwa haina alama hata moja, kwa kuwa haikuwa na kitu cha kuzima.

Safu ya nane ilisema: Moto unaowaka bila kupika umezimwa?

Nikageuka nikatazama mafiga. Uzi wa moshi ulikuwa unapanda, mtulivu, wala hapakuwa na sufuria juu yake. Niliona aibu. Niliona kwamba Kogo wangu, ambaye hakupoteza hata punje ya chumvi, alikuwa amefuga mwizi bila kujua, na kwamba mimi niliyesoma ndiye niliyetumwa kumwokoa. Nikashuka mbio hadi kwa Akinyi kabla giza halijaingia.

"Kesho saa nne," nikamwambia, "kila askari azime moto wa kwao. Sote pamoja."

"Mama akiniuliza?"

"Mwambie ni amri ya shule."

"Si ni amri yako?"

"Ni kitu kimoja," nikasema.

Jumamosi Kogo alibeba kikapu chake cha majani mabichi kwenda bandani, mahali chai inapopimwa na kupakiwa kwenye lori. Nilimsubiri apotee kwenye kona. Nikachota maji katika kopo la mafuta, maji yale yale yaliyokwisha kuoshea vyombo, kwa maana sikutaka kupoteza maji safi. Nikamimina. Majivu yakaruka, yakalia, na harufu ile ikanijaa puani. Nikachota tena, na mara ya tatu, hadi kukawa na tope la kijivu kati ya mafiga. Nikafagia vizuri kando. Nikatia alama ya vyema kwenye safu ya nane. Nakumbuka furaha yangu kwa usahihi unaoniumiza: nilikuwa nikiruka kwa mguu mmoja uani, nikimngoja arudi.

Alirudi na kikapu kitupu mgongoni. Aliinama mlangoni, akasimama hivyo hivyo, nusu ndani nusu nje.

"Kumenyesha?" akauliza kwa Kipsigis.

Anga lilikuwa jeupe na kavu.

"Ni mimi, Kogo. Nimekuokolea kuni."

Hakunigombeza. Alishuka akapiga magoti bila kuvua kikapu, akatia kiganja katika lile tope, akakiacha humo. Nilidhani anapima kama lina joto. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ila ilikuwa imeharakishwa.

"Mama Akinyi alichukua asubuhi. Chukua kifuniko. Kimbia."

Nikakimbia, nikiwaza kwamba Kogo amejaliwa uangalifu usio na mfano: hata njiti moja ya kiberiti hataki kuipoteza. Niliteremka katikati ya mistari ya chai, kifuniko kikigonga paja langu, nikafika kwa akina Akinyi na kumkuta amesimama mlangoni pa kibanda chao cha kupikia. Karatasi alikuwa ameikunjua kifuani. Aliponiona akapiga saluti.

"Askari Chela! Kazi imekwisha!"

Nyuma yake majivu yalikuwa meusi, na kopo limelala kando.

Mama Akinyi alikuwa akipanda kutoka kijitoni na beseni la nguo kichwani. Nilimwambia kwamba Kogo anaomba moto, kwamba nimeuzima wa kwetu kwa ajili ya shule, na kwamba Akinyi naye ameuzima wao. Nilisema kwa mpango mzuri, kama ripoti. Akaliteremsha beseni polepole mno.

"Nyinyi watoto," akasema. "Hiyo moto mnajua ni ya nani?"

"Ni ya Kogo."

"Ni ya Mzee. Babu yako. Aliiwasha na mkono yake siku walimaliza kujenga hiyo jiko, na huo mwezi hakuumaliza. Tangu hapo nyanya yako hajawahi kushika kiberiti. Unafikiri mimi napanda huko kila siku kwa sababu nimekosa kiberiti? Alinishika mkono hapa, akaniambia, Mama Akinyi, moto ikilala nyumba mbili haiwezi kupotea." Akamtazama binti yake, kisha mimi. "Nani amewaambia mzime siku moja?"

Akinyi akaanza kulia. Hakunitaja. Hakuwa na haja.

Mama Akinyi akapiga magoti akafukua kwa mikono mitupu. Alitoa kaa moja moja, akalivunja, akalipuliza, akalitupa, akachukua lingine. Sijawahi kuona mtu akitafuta kitu namna hiyo, ila miaka mingi baadaye, nilipoona watu wakifukua maporomoko ya udongo. Chini kabisa, upande ambao maji hayakufika, palikuwa na kipande kidogo kama jino. Alipokivunja, ndani yake mlikuwa na nukta nyekundu, sawa na punje ya wimbi.

Hakupumua. Alikizungushia nyuzi kavu za mgomba na samadi kavu, akafanya kifurushi, akaniwekea viganjani.

"Nenda. Na usifungue. Usifungue njiani hata kidogo."

Nilipanda kilima kile nikiwa nimelikumbatia joto ambalo sikuweza kulihisi. Ndipo neno la Kogo la kila asubuhi liliponijia, lile ambalo nilidhani anajisemea mwenyewe, na nikaelewa alikuwa akimwamkia nani. Nikaogopa. Kwenye migomba nilifungua kidogo, nihakikishe. Bado palikuwa na nukta. Penye jiwe kubwa nikafungua tena. Karibu na mlango, nikiwa nimebakiza hatua chache ambazo leo naweza kuzihesabu, nikafungua mara ya tatu.

Kogo alikuwa ameketi tayari, mafiga yamekaushwa kwa vumbi, maganda ya mahindi na vijiti vya chai vimepangwa. Alipokea kifurushi kwa mikono miwili. Akakifumbua. Akakitazama muda mrefu, kisha akapuliza, mara mbili, kama alivyopuliza kila asubuhi. Kaa lilikuwa jeusi na baridi. Akalifunga tena kama lilivyokuwa, akaliweka chini kwenye majivu, kati ya mafiga matatu.

Akainua upindo wa leso yake akanifuta jasho usoni.

"Umekimbia sana, mtoto wangu," akasema.

Kiberiti kilikuwa juu ya kabati, bado katika karatasi yake. Mikono yake haikukizoea. Alivunja njiti tatu kabla ya njiti ya nne kushika. Tulikula mchana huo kama siku zote, na chakula kilikuwa na ladha ile ile, jambo ambalo lilinishangaza.

Jumapili jioni yeye ndiye aliyekumbuka. Aliniuliza kama ile karatasi ya shule haihitaji mkono wake. Nikasema sitaipeleka. Akaitaka. Kogo hakujua kusoma, kwa hiyo kila mara alitia kidole gumba. Wino haukuwapo. Alipeleka kidole mafigani, akakigusisha majivu mabichi na masizi, akakibandika chini ya safu ya nane, mahali palipoandikwa kwamba mlezi anathibitisha. Nadhani alitaka nisionekane mjinga mbele ya wenzangu. Sijapata sababu nyingine, na nimeitafuta.

Sikupata beji. Beji aliipata msichana aliyekuwa na friji.

Asubuhi ya Jumatatu nililala macho wazi nyuma ya ukuta ule wa udongo. Nilisikia kijiti kikifunua majivu. Nikasikia akipuliza. Mwanga mwekundu ukapanda darini. Nilisubiri salamu. Sufuria ikawekwa, maji yakaanza kuimba, maziwa yakamiminwa, na Kogo hakusema neno. Hakusema siku hiyo, wala siku nyingine yoyote niliyoishi naye. Mama Akinyi aliendelea kupanda kilima kuchukua makaa yake mawili, na utani wao haukukatika. Nadhani walikubaliana bila kusema kwamba usikatike kwa ajili yangu. Lakini alipoondoka, Kogo hakuwa tena anamsindikiza kwa macho hadi moto ule ufike salama.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Kabianga, nikisomea masuala haya haya ya nishati, Kogo alifariki. Siku ya mazishi majirani walileta mitungi ya gesi ili chai ya waombolezaji itoke haraka, na mafiga yakakaa bila moto tangu asubuhi. Niliingia peke yangu, nikapiga magoti, nikatia kiganja katika majivu yake. Yalikuwa laini kama unga. Nilisema "Chamgei" kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu alipokuwa hai. Nje mtu aliuliza vikombe viko wapi.

Kazi yangu naiamini. Najua moshi unawafanyia nini akina mama, najua misitu yetu inakwenda wapi, na ninafundisha kwa moyo wangu wote. Lakini huwa natazama kwanza. Huwa nauliza kilichopo kabla ya kuuliza kilichokosekana. Hata hivyo, kwenye karatasi yangu ya manila, niliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi, mstari wa tatu ulisema: Zima moto usiotumika. Nilikuwa nimeuandika mara nyingi mno kiasi kwamba sikuusoma tena.

Siku ile ng'ambo ya Sigor, tone la pili lilifuata la kwanza, kisha likawa uzi wa maji. Mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa amenisikiliza kwa heshima muda wote, aliruka kutoka kigodani akaanza kusukuma makaa yake upande mkavu kwa vidole. Hapakuwa na upande mkavu wa kutosha. Nikaing'oa karatasi ukutani, nikapiga magoti kando yake, nikaitandaza juu ya mafiga kwa mikono miwili.

Wenzake wakashangilia. "Mwalimu, si umesema tuzime?" mmoja akauliza.

Maji yakagonga karatasi. Rangi zikaanza kukimbia, nyekundu ikaingia katika kijani, mstari wa tatu ukateremka hadi viwikoni mwangu. Mama yule alikuwa anafukia makaa yake bila kuniangalia, taratibu, akianzia pembeni.

"Mkono utachoka," akaniambia.

"Bado, Kogo," nikasema.

Nikaishikilia hadi mvua ikapita.